Jiko Lenye Ukuta Katikati

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mwingine. Watu tulikuwa wengi pale ufukweni, wakubwa kwa wadogo, na wamo ambao ukiwatazama usoni tu utasema huyu hakosi. Hapana. Nilikuwa mimi, Waldemar, mkwe wa Bi Eulogia. Mtu aliyefukuzwa kazi kwenye machinjio, akatapeliwa na mshirika wake wa duka la baiskeli, akatapeliwa tena na wakili aliyemweka amshitaki yule mshirika, na baada ya yote hayo bado akajiona fundi wa kupatanisha watu kwa sababu tu ana mdomo mwepesi.

Habari yenyewe ni ya jiko la kuchomea nyama.

Mzee Liborio, mume wa Bi Eulogia, alifanya kazi karakana ya reli tangu ujana mpaka mgongo ulipogoma, na jiko la safari alilichomelea mwenyewe kwa vyuma alivyovitoa kazini, sitaki kuuliza kwa ruhusa ya nani. Lilikuwa na wavu wa mteremko, miguu ya kukunja, na kikapu cha chuma pembeni cha kuunguzia kuni. Lilikuwa zito kama jeneza ambalo mwenyewe yumo. Kila Wiki ya Utalii, ile ambayo kwa mapadri ni Juma Kuu, lilipandishwa juu ya gari, watoto watatu wakabanana kiti cha nyuma, na familia nzima ikaenda kupiga hema kando ya maji. Watoto wenyewe ni Elbio, mkubwa. Dardo, wa kati. Na Nibia, kitindamimba, ambaye baadaye alipata balaa la kuolewa na mimi.

Mzee alipokuwa hai hakuna aliyegusa moto wake. Kwetu moto una mwenyewe mmoja. Wengine mnaruhusiwa kusimama karibu, kunywa, na kutoa ushauri ambao hautasikilizwa, lakini kupeleka mkono kwenye makaa ya mtu ni sawa na kuupeleka kwenye mfuko wa suruali yake. Nyama ikifika mezani, mmoja anasema, makofi kwa mchomaji, wote mnapiga, na mchomaji anajifanya hakusikia, anaendelea kupangusa kisu. Hayo ndiyo malipo yake. Mzee Liborio hakuwa mtu wa kubusiwa wala kukumbatiwa. Hayo makofi ndiyo mapenzi pekee aliyokubali kupewa hadharani.

Alipokufa, maua ya kaburini hayajanyauka, Elbio na Dardo walikutana kwenye kibanda cha nyuma, na kila mmoja alikuja kuchukua jiko. Elbio alisema yeye ndiye mkubwa, na ndiye aliyemshikia baba taa wakati anachomelea. Dardo alisema yeye ndiye aliyemwosha na kumlisha uji mwaka ule wa mwisho, wakati wenye taa hawaonekani. Ubaya wa ugomvi ule ni kwamba wote wawili walikuwa na haki. Mwenye kosa angekuwepo, angeomba radhi tukaenda kula. Walibishana mpaka maneno yakawaishia, kisha wakalilaza jiko juu ya meza ya marehemu, mmoja akashika, mwingine akakata kwa msumeno wa chuma. Aliyechoka alipokewa na mwenzake. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho waliyoifanya pamoja. Bi Eulogia alikuwa jikoni anamenya viazi, na ule msumeno aliusikia mwanzo hadi mwisho.

Kila mmoja akaondoka na nusu yake. Nusu ya jiko haisimami. Elbio aliitundika gereji, Dardo aliisimika bustanini nyanya zitambae juu yake. Tangu hapo hawakusemeshana. Krismasi mmoja anakuja mchana, mwingine jioni, na Bi Eulogia anapasha chakula kilekile mara mbili na kusema ndiyo kwanza kimeiva.

Mwaka huo akatangaza kwamba Wiki ya Utalii tunakwenda San Gregorio, wote, mahali Mzee alipokuwa akiwapeleka. Nyonga yake ilikuwa inakwisha na daktari hakumficha. Mwaka unaofuata asingeweza tena kukaa mchangani wala kupanda gari mwendo mrefu. Wanawe wakakubali. Nibia anasema walikubali kwa mapenzi. Mimi nasema hakuna aliyetaka kuwa yule ambaye hakwenda.

Kisha akaniita mimi kuhusu jiko, maana la Elbio lisingekubaliwa na Dardo, na la Dardo Elbio asingelisogelea hata kuwashia sigara. Likinunuliwa na mkwe, halina upande.

“Nunua dogo,” akaniambia. “Dogo kabisa, la mtu mmoja kusimama.”

Nikamwambia mama, sisi ni kundi zima, kwa jiko dogo soseji zitaliwa kwa zamu kama dawa ya hospitali.

“Ndiyo nataka hivyo. Wakibanana mbele ya moto mmoja, itabidi mmoja ampishe mwenzake. Akishampisha, wameongea. Sitaki zaidi. Niwapigie makofi mara moja, kwenye moto mmoja, basi.”

Aliyasema hayo anahesabu viazi vya kununua, kama anayeagiza mkate. Bi Eulogia halii mbele za watu. Nikamwambia aniachie mimi. Wakati wowote mtu mwenye historia kama yangu akikwambia umwachie yeye, chukua mkoba wako uondoke.

Dukani nilikwenda peke yangu, siku ya mwisho kabla ya sikukuu, na lilikuwa limejaa wanaume wanaogonga vyuma kwa kucha na kutikisa vichwa. Kununua jiko la safari si jambo dogo kwetu. Mwanamume atanunua gari kwa kuangalia rangi, lakini jiko ataliinamia, atalikalia, atauliza bati lina unene gani. Dada wa dukani alinizungusha kwa subira. Alinionyesha la gesi, jepesi, linaingia chini ya kiti. Nikamuuliza kama linatoka na cheti cha daktari, maana anayechomea nyama kwa gesi pale ufukweni atazikwa na maneno ya majirani. Akanionyesha la nusu pipa: zuri, lakini kwa lile gari langu ama lingekwenda jiko ama mke wangu. Likaja la miguu mitatu ambalo mchangani lingeyumba kama mlevi. Ndipo akanipa moja la mraba, dogo, chuma kizito, wavu mmoja, miguu inayokunjika, na pembeni nafasi finyu ya kuunguzia kuni. La mtu mmoja kusimama. Yaani lile lile. Ungesema Bi Eulogia alilichora.

Nililishika mkononi. Nataka ujue hilo. Nililishika, nikalipima uzito, nikalifungua na kulifunga.

Halafu nikaliona lile jingine.

Lilikuwa limekunjwa kama sanduku la safari. Ukilifungua linalala pana, na katikati limesimama bati refu kiasi cha kiganja, limechomelewa toka ubavu hadi ubavu. Huku wavu wake na kishikio chake cha kuupandisha na kuushusha, na huku hivyo hivyo. Jiko moja, moto mara mbili. Kichwani mwangu ikawaka taa. Nikajisemea, mama ni mama, lakini ya wanaume hayajui. Wawili hawa ukiwabananisha mbele ya kimoto kidogo watasukumana, nyama itaingia mchanga, na safari itaishia hapo. Mpe kila mmoja upande wake, hana cha kugombea. Wakiwa bega kwa bega, wana kazi mikononi, mvinyo karibu, maneno yatakuja yenyewe. Na nikiulizwa, nimenunua jiko moja. Moto mmoja aliotaka, si ndio huu?

Dada akaniuliza kwetu tuna wachomaji wangapi. Nikamwambia wawili. Akasema poleni.

Nikacheka, nikalipa, na nikaongeza koleo mbili za kugeuzia nyama, zinazofanana, ili hata hapo pasiwe na neno.

Nyumbani Nibia alikuwa anafunga mablanketi. Akalitazama sanduku likifunguka, akaona bati, akakaa juu ya blanketi. Akaniuliza mama yake alinielekeza nini. Nikamwambia jiko moja, na jiko moja ndilo hili.

“Waldemar,” akasema, “hayo ni majiko mawili yaliyofungwa pingu.”

Akaniambia niling'oe lile bati. Limechomelewa, nikamwonyesha. Nilirudishe basi. Duka limeshafungwa, na kesho alfajiri tunaondoka. Akaendelea kufunga mablanketi, akiyavuta kamba kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Nikamtania kwamba akiendelea hivyo yatalia. Hakucheka, nami nikadhani ni uchovu.

Tulitoka Las Piedras magari matatu. Bi Eulogia alipenda akae nasi, lakini Elbio alikuja na gari lake kubwa, ameshamwekea mto kwa ajili ya nyonga, na akasema mama wa mtu anasafiri na mwanawe wa kwanza. Basi akapanda. Barabara ya Tano yote nilikuwa nyuma yao nikiona nywele zake nyeupe dirishani. Karibu na Durazno ilinyesha manyunyu, na gunia la mkaa alilolifunga Dardo juu ya gari lake likanywa maji yote bila yeye kujua. Tulipofika kivukoni, magari yamepanga foleni, Dardo alishuka, akapita mlango wa kaka yake bila kutazama ndani ya gari, akafungua wa upande wa pili na kumwambia mama yake kwamba nusu ya kwanza imekwisha, sasa ni zamu yake. Elbio alitazama ule mto wa kukalia.

Basi Bi Eulogia akateremka, mkoba begani, themosi kwapani, kibuyu chake cha yerba, ile chai chungu ya majani, mkononi, akatembea kwa ile nyonga toka gari moja hadi jingine mbele ya foleni nzima. Mto ukabaki kwa Elbio. Nibia alitaka kushuka amshike mkono, mama akamkataza kwa kichwa. Mimi nikasema, ili kupunguza uzito, kwamba mzigo mwingine wowote ungeombewa risiti. Nibia akageuza uso kwenye kioo.

San Gregorio ilikuwa imejaa, lakini tulipata nafasi nzuri chini ya mikaratusi, ziwa mbele yetu. Elbio akapiga hema lake kulia, Dardo kushoto, mimi katikati kama nchi ndogo isiyo na jeshi. Wake zao, ambao hawana ugomvi wowote isipokuwa ule walioolewa nao, walianza kukata saladi mbili za nyanya zilezile. Ndipo nikaleta sanduku, nikalikunjua mchangani kwa mbwembwe, mbele ya Bi Eulogia aliyekuwa ameshakalishwa kwenye kiti chake cha turubai.

Aliliangalia kwa muda. Akainama kidogo, akapitisha kidole juu ya lile bati toka mwanzo hadi mwisho, kama anayetafuta vumbi.

“Kuna ukuta,” akasema.

Nikaanza kumweleza kwamba moshi hautachanganyika, kwamba mmoja anaweza kuweka soseji na mwingine mbavu, kwamba dukani lilikuwa la mwisho. Aliniacha niseme yote. Kisha akajimiminia yerba akanywa.

Wanawe, wao walilipenda. Hilo ndilo lililonichoma baadaye. Kila mmoja aliuona upande wake na uso wake ukatulia. Elbio alichukua koleo moja bila kunishukuru, Dardo nyingine, wakasimama bega kwa bega kabisa, kama nilivyopanga, na kati yao bati. Elbio akawasha kuni, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Dardo alikuwa amefanya kazi miaka mingi ng'ambo ya mto, kwa Waajentina, na huko alijifunza mkaa. Kwa hiyo akaleta gunia. Wakaanza kuongea kweli, ila walipitia kwangu.

Elbio akaniambia nimjulishe jirani kwamba mkaa ni wa wahunzi. Dardo akaniambia nimjibu huyo mwenzangu kwamba nyama iliyochomwa kwa kuni na asiyejua huliwa kwa macho, maana meno yanagoma. Elbio akaniomba niulize kama huko ng'ambo walimfundisha na kuuwasha huo mkaa, au hilo ni darasa la juu. Maana haukuwaka. Dardo alikuwa ameshamaliza magazeti yote, anapuliza, machozi yanamtoka, na gunia lile linatoa moshi mweupe wa maji kama birika. Wajukuu wa Bi Eulogia walicheka. Nami nilikuwa napeleka maneno huku na huku, nayanogesha njiani, na nilijiona nafanya kazi njema. Nilidhani kicheko ni nusu ya amani.

Sasa sikiliza, maana ndipo hapa.

Upande wa Elbio kuni zilikuwa zimeshashuka, makaa mekundu yamejaa. Upande wa Dardo hakuna kitu. Kwa jiko jingine lolote duniani makaa yangejiviringisha yenyewe. Elbio alimtazama mdogo wake. Sijui aliona nini. Labda vile anavyopuliza, magoti mchangani, kama mtoto. Akachukua koleo dogo la bati la kuzolea majivu, akalijaza makaa, akaliinua mpaka usawa wa ukuta. Mkono ukakaa pale juu. Dardo akaacha kupuliza. Alilitazama lile koleo, na akaanza kusogeza mkaa wake pembeni, polepole, kutengeneza nafasi katikati.

Nikamwona Bi Eulogia. Alikuwa ameshika kibuyu karibu na mdomo na hanywi.

Mtu mwingine angenyamaza. Hata mbwa wetu alinyamaza. Lakini mimi kimya kinaniwasha, sijui nilirogwa na nani, na nikasema kwa sauti ya kusikika na wote:

“Shemeji Dardo, omba tu. Mdogo kumwomba mkubwa hajafa mtu.”

Watoto wakacheka tena. Dardo akarudisha mkaa wake pale ulipokuwa. Akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba yeye hahitaji. Elbio akabaki na koleo hewani kama mtu aliyenyoosha mkono wa salamu ukakataliwa, kisha akaligeuza, makaa yakarudi upande wake yakaruka cheche. Dardo akaenda garini, akanyonya petroli ya tangi kwa mpira, akamwaga kikombe kizima juu ya mkaa. Ukawaka kwa kishindo. Nibia aliyekuwa anakata mkate alikiweka kisu chini na kunitazama, na nikiwa hai sitaki kutazamwa hivyo tena. Bi Eulogia alikunywa yerba yake, na naamini ilikuwa imeshapoa.

Nyama ikaiva, maana nyama haijui habari za watu. Tulikaa kwenye meza ndefu ya mbao. Elbio akaja toka kulia na sahani ya mbavu, Dardo toka kushoto na sahani ya mbavu, ng'ombe huenda alikuwa mmoja. Wakaziweka mbele ya mama yao kwa wakati mmoja, moja huku na moja huku. Ile ya Dardo ilinukia petroli kwa mbali. Ya Elbio ilikuwa imekauka, kwa sababu tangu lile koleo alikuwa haangalii wavu. Bi Eulogia alishika kisu na uma. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyekula. Ziwa tu lilikuwa linasikika, na watu wa kambi ya jirani.

Kimya tena. Na mimi nimeshakueleza kuhusu kimya.

“Jamani,” nikasema, “makofi kwa mchomaji.”

Mdomo ulijisemea wenyewe. Hilo ni neno la Wiki ya Utalii, la meza ya nyama, hata ukiniamsha kwenye nusu kaputi nitalisema. Watoto wakaanza kupiga, wakubwa wawili watatu wakafuata. Elbio akaanza kupangusa kisu chake kama hakusikia. Dardo akaanza kupangusa chake. Wakaonana. Makofi yakafifia moja moja mpaka akabaki anapiga mtoto wa Elbio tu, naye akashikwa mkono na mama yake.

“Kaa chini,” Elbio akamwambia ndugu yake. “Wanapigiwa wanaojua.”

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomsemesha uso kwa uso tangu siku ya msumeno. Bi Eulogia alitaka waongee, basi wakaongea. Dardo akajibu kwamba anayejua asingekausha mbavu kama viatu. Elbio akasema mama aonje yake kwanza, maana yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Dardo akasema kama ni kuhesabu nani wa kwanza, tuanze na nani alikuwa wa kwanza kuingia chumbani kwa baba usiku akikohoa. Wakatoka kwenye nyama. Atalala hema gani. Elbio ana godoro la hewa. Dardo yuko karibu na choo. Atarudi na gari la nani, na kama kivukoni atahamishwa tena. Krismasi nani mchana, nani jioni. Na kila hatua ikawa inawapeleka mbele kwa hatua nyingine, mpaka wakafika kule ambako wote tulijua kupo na hakuna aliyewahi kukutaja: nyonga ikikwisha kabisa, akae kwa nani.

Hapo wakapunguza sauti. Hapo ndipo niliposhangaa. Dardo akasema, kwa namna ya mtu mzima, nusu mwaka kwako, nusu mwaka kwangu. Elbio akafikiri, akasema hilo lina akili. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana, na Nibia alifumba macho. Kilichobaki kilikuwa nani achukue nusu ipi, na kumbe hicho ndicho kilichokuwa kigumu, maana nyonga inauma zaidi miezi ya baridi, na nyumba ya Elbio haipati joto, na ya Dardo ina ngazi. Kila mmoja akamwachia mwenzake majira ya baridi kwa ukarimu mkubwa. Mama yao yuko kati yao, sahani mbili zinaganda mafuta, na wao wanarushiana yeye mwenyewe juu ya kichwa chake.

Wakanigeukia mimi, shemeji nisiye na upande, nitoe neno. Nami nikatoa. Nikasema, kama ugomvi ni baridi, si muigawe na hiyo baridi yenyewe, nusu huku nusu huku.

Wakaitikia kwa vichwa, wote wawili. Elbio akasema kwa mara ya kwanza Waldemar ameongea la maana.

Bi Eulogia akaweka uma upande mmoja na kisu upande mwingine. Akazisogeza zile sahani mbali naye, zote, kwa wakati mmoja, mikono miwili.

“Nendeni mkalete ule msumeno mliokatia jiko la baba yenu,” akasema. “Muanzie hapa kiunoni, nyonga imeshakufa, haitawapa taabu. Kila mtu achukue nusu yake. Kichwa mpeni Waldemar, yeye ndiye hana.”